Moto wa Jirani: Je, Kuuzima ni Kazi ya Serikali Peke Yake?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda kulitazama suala linalotuhusu sana sisi watu wa Isiolo: nyumba ya jirani inapowaka, wajibu wa kuuzima moto ule ni wa nani?

Wako wasemao: "Hiyo ni kazi ya Serikali. Sisi twatoa kodi, na wapo watu wanaolipwa mshahara kwa ajili hiyo." Neno hili lina ukweli ndani yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imeiweka kazi ya zimamoto mikononi mwa serikali za kaunti. Basi hiyo ni amana, na aliyeipokea ataulizwa juu yake hapa duniani na kesho Akhera.

Lakini je, amana ya mmoja huwaondolea dhima wengine wote? Maulamaa wamezigawa faradhi mafungu mawili: faradhi ya aini, impasayo kila mtu pekee yake, kama Sala, na faradhi ya kifaya, ambayo baadhi ya watu wakiitimiza huwaondokea wengine, na wote wakiiacha hupata dhambi kila aliyejua na akaweza. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika Minhaj kuwa kuwaondolea Waislamu dhara, kama kumlisha mwenye njaa, ni faradhi ya kifaya iwapo dhara hiyo haikuondoka kwa Zaka na Hazina ya umma.

Na tulizingatie sharti hilo. Hakusema iwapo hakuna Hazina, bali iwapo dhara haikuondoka. Kwa hivyo kinachotuvua faradhi si kuwako kwa ofisi wala kwa gari la zimamoto, bali ni kuzimika kwa moto wenyewe. Kaunti yetu ina zaidi ya kilomita 25,000 za mraba. Moto ukizuka Merti au Oldonyiro, gari lililoko mjini, hata likiwa zima na limejaa maji, lina masafa marefu ya kukata, na nyumba ya miti na majani haingoji. Malisho yakiwaka wakati wa kiangazi, wa kwanza kuuona moto ni wachungaji, na silaha yao ni matawi mabichi. Hata mjini penyewe, dakika za mwanzo ni za jirani, hapana mwingine.

Wengine hujibu: "Tukiifanya sisi kazi hii, watawala watalala." Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini anayeungua hawezi kungoja mpaka kesi yetu na watawala imalizike. Tuuzime moto leo, na kesho tudai haki yetu. Na mwenye kuushika moto kwa mkono wake ndiye ajuaye vyema la kudai. Watu wa Chile waliunda kikosi chao cha kwanza cha kujitolea mjini Valparaíso mwaka 1851, na hadi leo wazima moto wa nchi ile ni watu wa kujitolea. Itakuwaje sisi, tunaotaraji thawabu, tushindwe?

Wako pia wasemao kuwa yote ni kadari. Kadari ni kweli. Lakini nyumba moja ya Madina ilipoungua usiku pamoja na watu wake, Mtume (S.A.W.) hakutosheka na kusema hivyo, aliamuru moto uzimwe watu wanapolala. Na Izz bin Abdissalam amefundisha kuwa kumwokoa anayezama hutangulizwa mbele ya Sala, kwani Sala hulipika, na roho ikitoka hairudi. Anayeungua ni kama yeye. Tena jirani ana haki, wa karibu na wa mbali. Awe Mborana, Msomali, Mmeru, Mturkana au Msamburu, awe Mwislamu au asiwe, moto haumuulizi kabila yake. Basi na mzimaji asimuulize.

Ila tujue kuwa kukusanyika si kuokoa. Jambo lisilotimia wajibu ila kwa hilo, nalo huwa wajibu. Basi kujifunza na kujipanga ni sehemu ya faradhi. Asiyejua kuwa moto wa mafuta ya taa hauzimwi kwa maji bali kwa mchanga, na kuwa umeme hukatwa kwanza, huenda akaongeza dhara. Na kujitupa katika maangamizo kumekatazwa.

Rai yetu ni kuwa kila msikiti uchague vijana kumi, uweke ndoo, mchanga, majembe na ngazi, na uwaombe wazima moto wa Kaunti waje kuwafundisha. Kina mama nao wafundishwe, kwani wao ndio walio karibu na jiko. Kipaza sauti kinachotuita kwenye Sala kituite pia kwenye kuokoa roho. Hapo ndipo kifaya itakapopatikana.

Wabillahi tawfiq.