Khatti za Longitudo na Jua la Kibondo

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake, aliyeliendesha jua kwa mpango usiopotoka. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na aali zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Liko suala linalowashughulisha Waislamu wa nchi za juu za Kigoma kila Ramadhani ifikapo. Mtu aliyeko Mtendeli, au Kibondo, au Kasulu, akisikia katika redio adhana ya Magharibi ya Dar es Salaam, na hali jua la kwao bado liko juu, je, afungue saumu? Wako wasemao: "Nchi ni moja na saa ni moja, basi futari nayo na iwe moja." Maneno haya yana sura ya umoja, na kwa hivyo yastahiki kujibiwa kwa upole na dalili.

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa wataalamu wameigawa duara ya dunia kwa sehemu 360, kila sehemu wakaiita digrii. Khatti zinazotoka ncha ya kaskazini hadi ncha ya kusini, zikipita katika digrii hizo, ndizo ziitwazo longitudo. Dunia huzunguka mara moja kwa saa 24. Basi kila digrii 15 ni saa moja, na kila digrii moja ni dakika 4. Aliye mashariki jua humtokea kwanza na humchwea kwanza. Aliye magharibi hana budi kungoja.

Dar es Salaam iko karibu na digrii 39 na robo mashariki ya Greenwich, na Kibondo iko karibu na digrii 30 na sehemu 7 za kumi. Tafauti yao ni digrii 8 na nusu na kitu kidogo, nayo ni kadiri ya dakika 34, zikizidi au kupungua chache kwa misimu. Kwa hivyo afunguaye Kibondo kwa adhana ya Dar es Salaam amekula mchana wa Ramadhani, baada ya kustahamili njaa na kiu siku nzima. Na asaliye Adhuhuri kwa ratiba ya huko huenda akasali kabla ya jua kupinduka. Kwani kwa wastani jua hupinduka Dar es Salaam saa 6 na dakika 23, na Kibondo saa 6 na dakika 57. Sala iliyotangulia wakati wake haisihi.

Wala tusidhani ya kuwa saa yenyewe ni ya Dar es Salaam. Saa ya Tanzania imepimwa kwa khatti ya digrii 45, na khatti hiyo haigusi ardhi ya Tanzania hata shubiri moja. Hupita Somalia na karibu na mji wa Adeni. Ni istilahi ya watu, waliyopatana ili safari, ofisi na skuli ziende kwa mpango mmoja. Mpaka wetu ni shahidi wa jambo hili. Burundi wamefuata khatti ya digrii 30, na saa yao iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Wakimbizi wa Burundi waliokaa katika kambi ya Mtendeli, hata ikafungwa mwaka 2021, iliwapasa kusogeza mbele mishale ya saa zao walipovuka. Lakini vivuli vyao havikusogea. Watu wawili wakisimama kando mbili za mto Malagarasi, pale unapokuwa mpaka, jua huwachwea pamoja, na hali saa ya mmoja yakaribia 12 ya jioni na ya mwenziwe yakaribia 1 ya usiku. Ni nani katika hao atakayesema ya kuwa saa yake ndiyo iliyoleta usiku?

Wako na wengine waliovuka mpaka kwa upande wa pili, wakasema: "Khatti hizi ni uzushi wa Wazungu, hatuna haja nazo." Nalo pia ni kosa. Mwaka 387 wa Hijra, yaani 997, Al-Biruni akiwa Kath na Abul-Wafa akiwa Baghdad walipatana kutazama kupatwa kwa mwezi usiku mmoja, na kwa tafauti ya saa zao wakapima umbali wa miji hiyo miwili katika longitudo. Ama khatti ya Greenwich, ilichaguliwa Washington mwaka 1884 kwa kura 22 katika nchi 25. Dola ya Turuki ilikuwamo, na mjumbe wake akaeleza ya kuwa kwao ziko hesabu mbili za saa, na moja yao huanzia kuchwa jua.

Tena khatti hizi ndizo zituongozazo katika kibla. Makka iko karibu na digrii 39 na sehemu 8 za kumi; kwa hivyo wa Dar es Salaam hukabili kaskazini karibu sawasawa, na wa Kibondo huelekea mashariki ya kaskazini kwa kadiri ya digrii 19. Lau wa Kibondo angeelekea kama wa Dar es Salaam kwa ajili ya umoja, angeikosa Al-Kaaba. Umoja wetu ni wa nyumba tunayoielekea, na kila mji una upande wake. Kadhalika saumu: amri ni moja, na kila mtu huitii kwa jua la mahali pake.

Basi saa ya serikali ni ahadi baina ya watu. Mwalimu, karani na mfanyabiashara wasioitimiza wamevunja ahadi. Lakini wakati wa ibada ni amana baina ya mja na Mola wake, na amana hailipwi kwa saa ya mtu mwingine. Na tujihadhari, kwani nafsi yenye njaa hupenda kila hoja iletayo futari karibu, hata ikavaa kanzu ya umoja.

Shauri letu kwa maimamu wa Kibondo, Kakonko na Kasulu ni kusimamisha kijiti uwanjani na kutazama kivuli, na kuandika ratiba ya mji wao wenyewe. Jua likijificha nyuma ya kilima, hilo si kuchwa. Watazame giza linapopanda upande wa mashariki. Wala wasione haya kuadhini baada ya redio.

Mwenyezi Mungu atutakabalie saumu zetu na sala zetu. Amin.