Nani Azibe Ufa?

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tuliambiwa tangu shule ya msingi. Methali haisemi ni nani azibe.

Kwenye maboma ya Wamaasai wa Ngorongoro jibu linajulikana: mwanamke. Enkaji, nyumba ya Kimaasai, huijenga yeye kwa fito, kisha huikandika kwa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe. Nyuzi za majani ambazo tumbo la ng'ombe halikuzimaliza huushika udongo usipasuke ovyo unapokauka. Mvua zikipita nyufa hutokea, naye huchota mavi mabichi zizini, akakandika tena.

Siku hizi maabara zina mkandikaji mwingine. Bakteria aitwaye Sporosarcina pasteurii huvunja urea, kemikali iliyomo hata kwenye mkojo wa ng'ombe, na penye kalisi hutokea chembe za chokaa zinazojaza ufa. Watafiti wamemjaribu kwenye mchanga, saruji na udongo. Tuseme siku moja atafika Ngorongoro, ukuta ujizibe wenyewe. Je, tumpokee?

Wapenda utamaduni watasita. Watatukumbusha Djenné, Mali, ambako kila mwaka mji mzima hutoka kuukandika msikiti wake mkuu wa udongo, na kazi ikawa sikukuu. Ukuta usiohitaji mikono, watasema, hauhitaji jamii. Ni hoja nzuri, ila Djenné hukandika mji mzima. Enkaji hukandikwa na mtu aliyekwisha kuchota maji na kutafuta kuni. Ni rahisi kuusifu mkono wenye matope ukiwa si wako. Kama yeye anataka kupumzika, sioni ni kwa haki gani tumnyime chokaa ya bakteria kwa sababu tunapenda kupiga picha za udongo.

Lakini kuna upande wa pili. Tangu mwaka 2022 familia kadhaa zimehamishiwa Msomera, wilayani Handeni, kwenye nyumba zilizojengwa na serikali. Serikali inasema wamehama kwa hiari. Wapo wakazi wengi wanaolipinga hilo. Enkaji iliyoachwa haichukui muda kurudi kuwa udongo. Hapo bakteria anaweza kutumika kwa kazi nyingine: kuuhifadhi ukuta kwa ajili ya watalii, mwenyewe akiwa mbali.

Dawa ni ile ile, na ufa ni ule ule. Kinachotofautiana ni kama aliyekuwa akiziba ameulizwa. Akiwa ndani ya nyumba na ameichagua dawa, tumempunguzia mzigo. Akiwa ameondoka bila kutaka, dawa hiyo inatusaidia kutoona kwamba hayupo, kwa kuwa ukuta umesimama vizuri. Nyufa, angalau, zingetufanya tuulize amekwenda wapi.