Gazeti na Sitara ya Mtu

Ndugu zetu, twawasikia watu wakisema ya kuwa gazeti likiandika kweli halina dhambi. Sivyo. Kusengenya, alivyotufunza Mtume (s.a.w.), ni kumtaja nduguyo kwa alichukialo, hata ikiwa analo, akiwa hanalo, huko ni kumzulia. Na Suratul Hujurat, aya ya 12, yakataza kupelelezana.

Lakini haya yasifanywe pazia la wezi. Imamu Nawawi katika Riyadhus Salihin amehesabu sababu sita zenye kuruhusu kumtaja mtu kwa ubaya, miongoni mwazo aliyedhulumiwa kushitaki, na kuwahadharisha Waislamu. Basi msimamizi alaye mali ya wakfu na aandikwe, kwa ushahidi. Mali si yake, na kunyamaza kwetu ni kumsaidia. Ama mkewe kudai talaka, au maradhi ya mwanawe, yatuhusu nini?

Katiba ya Kenya ya 2010 imeyalinda yote mawili: kifungu cha 31 faragha, cha 34 uhuru wa vyombo vya habari. Na leo kila mwenye simu ana gazeti lake. Ampigaye picha maiti barabarani, akaieneza kabla mamake hajapata habari, atashika kifungu gani?