Kanga Kuukuu na Ngoma ya Mtemi

Wahenga walinena: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Kilichochakaa huenda kikawa na nguvu ambayo kipya hakina. Lakini methali hiyo haikulimaliza swali moja linaloingia nyumbani kimyakimya baada ya matanga: nguo za marehemu zifanywe nini? Zilizo nzima hugawiwa jamaa, zilizochanika hubaki. Je, binti akiikata kanga ya mamake akaifanya kitambaa cha kudekia, amemtunza au amemdharau?

Bujora, karibu na Kisesa, mashariki ya mji wa Mwanza, swali hilo lina kioo chake. Hapo, katika miaka ya 1950, Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza kazi ya kuhifadhi mila na vyombo vya Wasukuma. Kazi hiyo ikazaa makumbusho yenye banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ngoma za watemi zimehifadhiwa humo. Utawala wa machifu ulipofutwa kisheria mwaka 1963, ngoma hizo hazikuwa na mtemi wa kumtawaza. Zikahifadhiwa, na kuhifadhiwa huko ndiko heshima yake.

Kanga ni kinyume cha ngoma. Pamba, zao ambalo Usukuma unajulikana kwalo, hulainika kadiri inavyofuliwa. Ugumu wa kiwandani hutoka, na uzi hunywa maji kuliko ulipokuwa mpya. Hivyo, siku kanga inapokataa kuvaliwa ndiyo siku inapofaa zaidi kusafishia. Mshonaji huchagua sehemu zilizo imara, hukunja mara mbili, hupinda kingo zisifumuke. Cha kudekia hukishona mfano wa mfuko, kikavikwa kichwa cha mti wa kudekia na kufungwa kwa kamba. Kikichafuka huvuliwa, hufuliwa, huanikwa juani, huvikwa tena. Nguo ya nailoni haiiwezi kazi hii: huyasukuma maji, haiyanywi.

Atakayepinga atasema kwamba manufaa si hoja. Kanga hiyo ilimsitiri mama, ilimbebea watoto, ilimfuta machozi. Kuiburuta sakafuni ni kumburuta mwenyewe. Maneno hayo yana uchungu wa kweli, wala hayafai kuchekwa. Lakini na yapimwe. Mama huyo aliinama juu ya sakafu hiyohiyo miaka na miaka, na hakuna aliyesema kuwa kuinama kwake ni fedheha. Aliyeinama akiwa hai hakuonewa haya. Leo kanga yake inaonewa haya. Basi kinachodharauliwa si kitambaa, bali ni kazi ya kusafisha, na pamoja nayo mikono inayoifanya. Hata sakafu ya makumbusho haijisafishi: ngoma ya mtemi hukaa mahali safi kwa sababu kuna mtu aliyeinama.

Hata hivyo, si kila kipande ni sawa. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mji ni nguo. Jina ni kauli. Likiwa limebeba dua au jina la Mwenyezi Mungu, mguu haustahili kulikanyaga, na hapo mkasi hauna budi kujua njia. Binti anaweza kulikata jina akalihifadhi sandukuni, kilichosalia akakipeleka kazini. Kwa tendo hilo moja amefanya mawili: amepumzisha kinachostahili kupumzika, ametumikisha kinachoweza kutumika.

Tofauti ya heshima na dharau, basi, haimo katika mahali kitambaa kinapofikia. Imo katika mkono. Uliorarua na kutupa kwenye ndoo umedharau, hata kama kitambaa ni kipya. Uliopinda kingo, ukafua, ukaanika, umetunza. Na kila asubuhi binti anapokikamua kitambaa kile, hurudia mkamuo aliofundishwa na mwenye kanga.