Heri ya Krismasi katika Mashamba ya Chai

Wanaobeza adabu ya lugha hudai kuwa salamu ni ada tu, nayo ada haimlazimu msemaji kuwa na moyo safi. Dai hili linapata mtihani mgumu katika makambi ya wachumaji chai wa Kericho na Bomet. Huko Mkipsigis husema “chamge” akaitikiwa “chamge mising”. Mkisii na Mluo wana zao. “Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya”, kwa Kiswahili, haimuulizi mtu kabila lake. Kwa hiyo ni salamu ya haki zaidi, ijapokuwa, yamkini, ni baridi kidogo.

Hata hivyo, chaguzi kuu za 1992, 1997, 2002 na 2007 ziliangukia siku chache tu baada ya sikukuu hiyo. Ile ya 2007 ilikuwa Disemba 27. Ghasia zilizofuata ziliwafukuza mashambani wafanyakazi wengi, Wakisii wakiwemo. Je, jirani aliyewatakia heri Disemba 25 alisema uongo? La. Salamu ni dua, wala dua haithibitishwi kama habari. Lakini huweza kusalitiwa, na hilo ni zito kuliko uongo.

Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ililitia “madoadoa” katika orodha ya maneno ya chuki. Orodha hufunga kinywa, si nia. Lakini aliyepata kuitwa doa hawezi kuudharau ukimya huo, hasa ikiwa mlango wake unatazamana na wa aliyemwita hivyo.