Saa ya Mtu Mwingine

Dalali wa nyumba, awe Mombasa au Kariakoo, kazi yake inaeleweka. Anakuonyesha nyumba, mnapatana bei, anachukua chake, anaondoka. Nyumba haichoki kwa kuuzwa. Lakini tumwite nani mtu anayeuza saa za muuguzi?

Swali hili halipo mbali nasi. Katika miji kama Lowell, jimboni Massachusetts, Wakenya wengi hufanya kazi za uuguzi na za kutunza wazee, na baadhi yao hupata zamu kupitia wakala. Wapo pia waliohamia upande wa pili wa meza, wakawa wao ndio wenye wakala. Anayetaka njia iliyokwisha kufyekwa hununua haki ya kutumia jina la kampuni kubwa, pamoja na taratibu zake, kisha huilipa mrabaha.

Tuchukue mfano. Nyumba ya wazee imepungukiwa na mtu zamu ya usiku. Inamlipa wakala dola 60 kwa saa, naye anampa nesi dola 40. Ukiishia hapo utasema zile 20 ni wizi. Ila mwajiri wa Marekani huchangia asilimia 7.65 ya mshahara kwa Social Security na Medicare, na hapo dola 3 na ushei zimekwenda. Kuna bima ya ajali kazini, kuna kuhakiki leseni, kuna mrabaha, ambao mara nyingi huhesabiwa kwenye mapato yote, iwe faida ipo au haipo. Na nesi anangoja malipo yake kila wiki, ilhali mteja anaweza kulipa baada ya mwezi au miwili. Pengo hilo hujazwa kwa akiba ya mwenye wakala, au kwa mkopo.

Kwa hiyo sehemu yake ina sababu, nayo ni mzigo. Amekubali kusimama mahali ambapo hasara ingemwangukia nesi.

Mwaka 1944, huko Philadelphia, Shirika la Kazi Duniani lilitangaza kwamba kazi ya binadamu si bidhaa. Mwaka 1997 shirika hilohilo, katika Mkataba namba 181, lilizikubali wakala binafsi za ajira, kwa sharti kwamba kwa kawaida zisimtoze mfanyakazi ada. Wengine huona hapo mgongano. Mimi naona mpaka: saa inaweza kuuzwa, mwenye saa hauzwi.

Mpaka huo huvukwa kimyakimya. Wakala anayemwandika nesi kama mfanyabiashara wa kujitegemea, wakati ni yeye anayempangia kila kitu, amemrudishia kodi na bima. Anayesema "mteja hajalipa, subiri" amemgeuza nesi kuwa benki yake. Anayefuta zamu saa moja kabla bila fidia amemwachia hasara ya usiku mzima. Zile dola 20 hazikupungua. Kilichoondoka ni mzigo uliozihalalisha.

Kuna atakayesema bei ni makubaliano, na asiyetaka aache. Lakini anayelala kitandani hakuwepo kwenye makubaliano hayo. Wakazi wengi wa nyumba za wazee Marekani hulipiwa na Medicaid, yaani fedha za umma. Ndiyo maana Minnesota na Massachusetts ziliweka kikomo cha kiasi ambacho wakala anaweza kuzitoza nyumba hizo. Uhitaji wa mgonjwa si sawa na uhitaji wa mnunuzi sokoni. Yeye hawezi kurudi kesho bei ikishuka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nesi wa wakala ndiye mgeni huyo: anaingia wodi asiyoijua, na mtu anapona. Aliyemtuma anastahili kula kwa kumtuma vizuri, na hata kutajirika si dhambi. Ila mafanikio yake tusiyapime kwa saa alizojaza tu. Tuulize pia: usiku mambo yanapoharibika, zamu inapofutwa au hundi ya mteja inapochelewa, ni nani anayekosa usingizi? Akiwa ni yeye, fedha ile ni yake kwa haki. Akiwa ni nesi, basi nesi ndiye anayeiendesha biashara, na mwingine anakula faida.