Kufutwa kwa Safari

Neno la Kiingereza "scrub" maana yake ya zamani ni kusugua kwa nguvu: sakafu, sufuria, mikono ya daktari kabla ya upasuaji. Lilitoka kwa majirani wa Waingereza, yaani Waholanzi na Wajerumani wa kaskazini. Katika karne ya 19 likapata maana nyingine, kufuta jambo lililokwisha kupangwa, na Vita Kuu ya Pili ya Dunia vikaieneza. Marubani wa Uingereza walilitamka safari yao ilipofutwa, kana kwamba maandishi yake yamesuguliwa yakatoka ubaoni. Leo ndilo neno la warusha roketi. Linasemwa Florida kila roketi inaposhindwa kuondoka siku iliyotangazwa.

Nimelitafakari neno hili kwa muda, na kila nikilirudia naliona limebeba jambo la ibada. Kuacha na kutakasa vimekaa mahali pamoja. Mtu anayefuta mpango wake mbele za watu anasugua kitu moyoni mwake, na kitu hicho, naamini, ni kiburi.

Sisi husema "Mungu akipenda" kila tunapoahidiana kukutana kesho. Ulimi umezoea. Lakini kesho ikikataa, tunanuna, tunatafuta wa kulaumiwa. Maneno tumeyasema, na mpango bado tumeushika kwa mikono miwili.

Agosti 29, 2022, roketi ya Artemis I ilikuwa tayari kwenda kuuzunguka Mwezi, na watu walikuwa wamejaa ufukweni kuitazama. Ikaahirishwa. Septemba 3 hidrojeni ikavuja, ikaahirishwa tena. Iliruka Novemba 16, ikaenda, ikarudi salama.

Miaka 36 kabla ya hapo, mambo hayakwenda hivyo. Chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kilikuwa kimeahirishwa mara kadhaa mwezi Januari 1986, mara ya mwisho tarehe 27. Usiku huo wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za pembeni walisihi kwa simu kisirushwe kesho yake. Baridi ilikuwa kali, na walihofia kwamba pete za mpira zinazoziba maungio ya roketi hizo zingekakamaa. Roger Boisjoly alikuwa miongoni mwao. Alikuwa ameandika onyo miezi mingi kabla. Wakubwa wakawasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaamua kurusha.

Huwa nawafikiria wakubwa wale bila chuki. Hawakuwa watu waovu. Walikuwa wamechoka kufuta. Kila kuahirisha kulionekana kama aibu mbele ya taifa, na safari hii ilimbeba mwalimu, Christa McAuliffe, aliyesubiriwa na wanafunzi nchi nzima. Nani kati yetu hajawahi kusukuma jambo mbele kwa sababu tu ameshatangaza? Harusi, mkopo, safari ya usiku. Moyo unajua, mdomo umeshaahidi, na tunaufuata mdomo.

Asubuhi ya Januari 28 Challenger iliruka. Sekunde 73 baadaye ilisambaratika angani, na wanaanga wote 7 wakafariki.

Wakubwa wale waliombwa wasubiri hadi hewa ipate joto. Baada ya ajali, Marekani haikurusha tena chombo cha aina ile hadi Septemba 29, 1988, yaani miaka miwili na miezi minane.